Mafiga hurudi jikoni kupitia mlango gani?

Miradi ya nishati safi hupenda kuhesabu majiko yaliyogawiwa. Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu moshi. Ukitaka kujua kama jiko jipya litadumu, anza na hesabu nyingine: moto wa mafiga unafanya kazi ngapi katika kaya hiyo kwa siku moja?

Mafiga matatu si chombo cha kupikia peke yake. Hapo hupashwa maji ya kuoga, watu huota moto alfajiri, mazao yaliyotundikwa juu hukauka, moshi hufukuza wadudu kwenye paa la nyasi, na chakula cha mifugo huchemshwa. Siku ya wageni wengi, ni mafiga pekee yanayobeba sufuria kubwa bila kuyumba. Jiko jipya huja limebuniwa kwa kazi moja: sufuria ya wastani, ya watu watano au sita. Kazi zilizobaki hazina pa kwenda isipokuwa kurudi mafigani. Na mafiga yakishawashwa kwa ajili ya maji ya kuoga, nani atawasha jiko la pili kwa ajili ya chakula? Sufuria hupandishwa hapohapo.

Kwa hiyo kaya nyingi haziachi jiko safi siku moja. Huchanganya. Gesi huchemsha kinywaji cha asubuhi na kupasha kiporo, mafiga hupika kila kinachohitaji zaidi ya saa moja. Kwa mpishi huo ni uamuzi wa busara kabisa, naye hastahili kuhubiriwa. Kwa mapafu hesabu ni nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chembe laini za moshi zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa mwaka, na hatua ya kwanza ya kuelekea huko ni 35. Chumba cha jiko chenye mafiga hufikia mamia, na wakati wa kupika hupita elfu. Ukipunguza kuni kwa nusu, bado uko mbali sana na 35. Sehemu kubwa ya faida ya afya hukaa kwenye ule moto wa mwisho ambao haukuzimwa.

Majiko ya udongo yenye dohani yametoa somo lililo wazi zaidi. Katika jimbo la Odisha, India, watafiti wa uchumi Hanna, Duflo na Greenstone walifuatilia kaya zilizopewa majiko hayo kwa muda wa hadi miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa ulipungua; baada ya hapo tofauti ikapotea. Majiko yalitumika kwa kurukaruka, na matunzo hayakufanyika. Anayelijua jiko la aina hiyo hashangai. Masizi huziba dohani, nalo lisiposafishwa mara kwa mara moshi hurudi mdomoni mwa jiko. Udongo hupasuka kwa joto na nyufa lazima zizibwe. Jiko la matundu mawili likitumika kwa sufuria moja, tundu lililoachwa wazi hugeuka kuwa dohani la pili, ila hili linatolea moshi ndani.

Jiko banifu la kuni lisilo na dohani huanguka kwa sababu tofauti. Linadai kuni nyembamba kama kidole gumba au viwili, zilizokauka hadi unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kuni mbichi huwa na unyevu karibu nusu ya uzito wake, na joto jingi huishia kugeuza maji hayo kuwa mvuke. Kwenye mafiga unasukuma gogo zima ndani kadiri linavyoungua, huku ukifanya mengine. Hapa lazima upasue kwanza, kisha ukae karibu kulisha moto. Ile akiba ya kuni hulipwa kwa shoka. Halafu kuna ile rafu ndogo ya chuma inayoinua kuni ili hewa ipite chini yake: huungua mapema kuliko sehemu nyingine, hutupwa, na tangu siku hiyo jiko linatoa moshi kama mafiga. Kipande hicho hakiuzwi peke yake mahali popote ambapo mtumiaji anaweza kufika. Mbunifu aliyelifikiria hilo angeweka rafu inayoweza kufuliwa na fundi chuma yeyote.

Gesi ya mitungi ina sifa moja kubwa: wapishi huipenda. Hakuna anayehitaji kushawishiwa. Tatizo lake ni jinsi malipo yanavyokuja. Fanya hesabu: kilo moja ya gesi ina megajuli 46 hivi, na jiko hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 55, yaani megajuli 25. Kilo ya kuni zilizokaushwa kwa hewa ina 16 hivi, na mafiga hufikisha kama asilimia 15, yaani 2.4. Kilo moja ya gesi basi hufanya kazi ya kilo kumi za kuni. Kaya inayochoma kilo 5 za kuni kwa siku ingehitaji nusu kilo ya gesi, na mtungi wa kilo 6 ungeisha siku ya 12. Siku hiyo fedha za mtungi mzima zinatakiwa kwa mkupuo, na kipato cha shamba hakiji kila siku 12. Kuni huokotwa, au hununuliwa furushi moja moja. Ndiyo maana mtungi huanza kutunzwa kwa ajili ya wageni na dharura: mpishi ananyoosha zile siku 12 zifike miezi mitatu.

Vizuizi vingine vya gesi ni vidogo, lakini vinauma. Vali za mitungi hutofautiana kipenyo (20, 22 na 27 milimita ni za kawaida), hivyo ukikosa mtungi wa kampuni yako, regyuleta haiingii kwenye wa jirani. Mwali ukiwa wa njano na kuchafua sufuria, mara nyingi buibui au vumbi limeziba njia ya hewa. Kuisafisha ni kazi ya dakika kumi, lakini asiyejua huona gesi "imeharibika". Hofu ya mlipuko nayo hupungua mtu akijua kupaka povu la sabuni kwenye mpira na viungo: mapovu yakikua, kuna mvujo. Kiberiti kisitumike kwa kazi hiyo hata siku moja.

Je, ugavi ukitatuliwa, watu hubaki? Jaribio la utafiti liitwalo HAPIN, lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda kwa wajawazito 3,200, lilipeleka gesi bure hadi mlangoni na kurekebisha majiko yaliyoharibika. Matumizi ya kuni yakakaribia kwisha katika kaya zilizopewa gesi. Uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana, jambo linalopaswa kusemwa pia. Ila kuhusu swali la kuacha au kubaki, jibu lilikuwa bayana: gesi ipatikane na fundi aje.

Bayogesi ndiyo inayokatisha tamaa zaidi, kwa sababu ikifanya kazi haina mshindani. Mtambo wa familia unataka kinyesi cha ng'ombe kama kilo 25 kila siku, kikorogwe na maji kiasi hichohicho. Hutoa takribani lita 900 za gesi, zinazowasha jiko moja kwa saa mbili na nusu. Sasa angalia masharti yaliyojificha. Ng'ombe wawe bandani. Wakichungwa mchana, nusu ya kinyesi hubaki malishoni. Maji ya lita 25 yawe karibu, la sivyo mzigo wa kuni umegeuka mzigo wa ndoo. Kwa kujaza mara ya kwanza inahitajika zaidi ya tani moja ya kinyesi, na anayejaza kidogokidogo husubiri gesi hadi achoke. Vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda nyuzi 35 hivi. Chini ya 15 karibu visimame.

Mwali unaopumua, ukipanda na kushuka, ni dalili ya maji kwenye bomba. Gesi hutoka na mvuke, mvuke hupoa, maji hukusanyika bomba linapobonyea. Bomba lilazwe kwa mteremko hadi kwenye mtego wa maji, na koki ya mtego ifunguliwe kila wiki au mbili. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, kinyesi chake kisiingie mtamboni kwa siku kadhaa. Mchanga na majani hujenga tabaka gumu juu na tope chini. Pamoja na hayo yote, kinachoua mitambo mingi si ufundi: ng'ombe mmoja huuzwa kulipa ada au matibabu, gesi hupungua nusu, na anayebeba kinyesi kila asubuhi huona kazi haimlipi tena.

Umeme, pale ulipofika, hukwama kwenye waya mwembamba na sufuria za alumini au zenye kitako cha mviringo, ambazo jiko la induksheni, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, halizitambui. Jiko la shinikizo la umeme, linalopika kwa mvuke uliofungiwa, hukwepa tatizo la sufuria kwa kuja na yake, na huvuta umeme kwa sehemu tu ya muda wa kupika, joto lililofungiwa likimalizia kazi. Kwa vyakula vya saa mbili ndilo linalofaa zaidi, maana hivyo ndivyo hasa vinavyorudisha mafiga.

Anayekagua mradi asiulize "mnatumia jiko?" Kila mtu atajibu ndiyo, kwa adabu. Apime mtungi na kutoa uzito mtupu uliogongwa juu yake. Aangalie kama mtego wa maji una koki iliyoshika kutu. Afike saa moja asubuhi, aweke kiganja juu ya majivu ya mafigani, kisha aulize maji ya kuoga yalichemshwa wapi.