Salamu Inayofika Kashgar

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Ijumaa hii nimekwama kwenye tahiyatu ya swala.

Kila tukikaa kitako twasoma: amani iwe juu yetu na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaeleza maswahaba kwamba mwenye kusema hivyo, salamu yake humfikia kila mja mwema mbinguni na ardhini. Nimeisoma tangu niko chuoni, na niseme kweli, ulimi ulikuwa ukienda wenyewe. Sasa najiuliza, inamfikia nani?

Inamfikia Muuighur, Mwislamu wa kabila la Uighur, wa mji wa Kashgar, huko Xinjiang, magharibi kabisa mwa China, kwenye msikiti wa Id Kah uliojengwa mwaka 1442. Kuanzia 2017 serikali iliwafungia watu, wanaokadiriwa kufika milioni moja au zaidi, katika kambi ilizoziita vyuo vya ufundi. Ilipovuja orodha ya waliofungwa wa wilaya ya Karakax, huko huko Xinjiang, mwaka 2020, ndani yake mlikuwa na sababu za watu kushikwa: ndevu, hijabu, kuomba pasipoti. Waliofanikiwa kutoka wanasimulia kwamba hata "assalaamu alaykum" watu waliogopa kupeana njiani. Beijing inasema ilikuwa ikipambana na ugaidi, na kweli mwaka 2014 watu 31 walichinjwa kwa visu katika stesheni ya Kunming. Ile ni dhambi kubwa, tusiifiche. Lakini damu ile haiko mikononi mwa bibi kizee aliyefunga Ramadhani.

Tarehe 6 Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliulizwa kama ripoti ya Umoja huo kuhusu hali ya Xinjiang ijadiliwe. Kujadiliwa tu, wala si kulaani. Nchi 19 zilikataa, 17 zilikubali. Pakistan ilikataa, Indonesia ilikataa, Qatar ilikataa. Kati ya nchi zenye Waislamu wengi, iliyokubali ni Somalia peke yake. Naam, Somalia, hao hao jirani tuliozoea kuwaombea dua.

Mabalozi wale wana mikopo na barabara za China za kufikiria. Mimi Beijing hainidai wala siidai. Basi kilichoninyamazisha miaka yote hii ni nini, kama si uvivu wa moyo?

Leo baada ya adhana, nikifika pale kwenye "wa alaa ibaadillaahis swaalihiin", na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu, nitapunguza mwendo.