Kinanda cha shangazi kilivyogeuka meza ya kusahihishia

Shangazi yangu wa Mafinga alinipigia simu mwezi wa sita, baridi imekolea. "Mwanangu, njoo uchukue hiki kinanda, la sivyo nakipasua kuni." Ni piano ile ya kusimama, aliyoachiwa na wazungu wa mashamba ya chai Mufindi walipoondoka. Kwake ilikuwa imegeuka kabati la vyombo siku nyingi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, na madaftari ya wanafunzi nilikuwa nasahihishia kitandani. Nikakodi kirikuu na vijana sita. Ni kilomita 80 hivi, lakini kipande nisichosahau ni mlima wa kutoka Ipogolo kuja mjini: kila tuta, kinanda kilinguruma nyuma kama ng'ombe, na watu barabarani wakageuka kutazama.

Nilitaka kwanza kitengenezwe kipigwe. Mpiga kinanda wa kanisani kwetu alifungua, akazungusha kigingi kimoja cha waya, kikazunguka bila kushika. Ubao unaobana vigingi ulikuwa umepasuka kwa ukavu. Vinyundo vimeliwa na nondo, chini ya vibao vya kupigia panya wamezaa. Akafunika. "Mwalimu, hapa ni mbao tu zimebaki."

Kabla ya seremala kugusa kitu, nilikuwa na hofu moja. Vibao vyeupe vya vinanda vya zamani vingi vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka huku kwetu, zikapita Bagamoyo na Zanzibar hadi viwanda vya Connecticut, Marekani, ambako kuna mji unaitwa Ivoryton mpaka leo. Sasa kukutwa na pembe bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na sheria haiulizi kama uliachiwa na shangazi. Nilivihesabu: 85, yaani 50 vyeupe na 35 vyeusi. Pembe huwa na mistari myembamba ndani yake, na mara nyingi kila kibao huungwa kwa vipande viwili, unaona mshono. Vyangu havikuwa na mshono wala mstari. Nikapasha sindano moto, nikachoma pembeni pa kimoja: harufu ya kafuri. Seluloidi, yaani plastiki ya zamani, si pembe. Usiku huo nililala.

Hatari halisi ilikuwa kwenye waya. Zilikuwa zaidi ya 200, na zikikazwa zote pamoja hubeba mvuto wa tani nyingi, ndiyo maana ndani kuna fremu nzito ya chuma. Hata vigingi vikiwa vimelegea, waya nene za sauti ya chini bado zilikuwa zimekaza. Seremala wangu, mzee wa Kihesa, akaona ninamcheleweshea kazi, akakata moja kwa plaisi. Ikaruka ikachana mkono wa koti lake toka kiwiko hadi kifundo. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kamwene," kama anasalimiana nayo upya. Baada ya hapo tulifuata utaratibu: fundi wa kuchomelea alitutengenezea ufunguo wa tundu la pembe nne, tukalegeza kila kigingi nusu mzunguko, kutoka kushoto hadi kulia, tukarudia. Jioni tatu. Fremu ilipotoka, mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu ilisoma kilo 92, na hela yake ikalipa vanishi na msasa.

Mbao zilikuwa rahisi, isipokuwa mzee alishika randa na nikamzuia. Ubao wa nje ulikuwa umevikwa venia, ganda la mbao nyembamba kama karatasi. Randa ingeila kwa mkupuo mmoja. Rangi ya zamani ilitoka kwa spiriti na kitambaa.

Kimo ndicho kilichotusumbua. Ukitoa vibao vya kupigia, sehemu vilipokalia inabaki chini mno kwa kuandikia, kwa hiyo tuliinua kwa ubao wa paina wa Sao Hill hadi sentimita 73 kutoka sakafuni, pale pale vibao vilipokuwa vikifika. Fremu ikishaondoka, ubao unaweza kuingia ndani hadi nyuma. Bila hivyo ungepata nafasi ya daftari moja tu. Ubao wa chini mbele tukauondoa ili magoti yapate pa kuingia.

Vishikio viwili vya mishumaa, vya shaba, niliviacha. Umeme ukikatika wakati wa mitihani, navitumia.

Kasoro imebaki kwenye kifuniko. Zamani kiliegemea vibao. Sasa hakina pa kuegemea, na kimeshanibana vidole mara mbili. Nimekiwekea kipande cha tyubu ya baiskeli. Kinashika, ila lori zito likipita barabarani kinashuka tena chenyewe.