Kibali cha kuvunja ukuta kimetoka!

Jamani, kibali kimetoka manispaa! Tunavunja ukuta kati ya sebule na jiko kwenye nyumba ya mama, Dar.

Wengi wanaambiwa na fundi "huu tunautoa tu". Lakini ukuta wetu unabeba slabu ya juu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, kwa hiyo mhandisi alichora ramani mbili: nyumba ilivyo sasa, na itakavyokuwa. Ukuta unaotoka ameuweka kwa mistari ya vipandevipande, nguzo mpya amezijaza rangi. Halafu karatasi ya peke yake ya boriti, yaani mhimili wa zege utakaobeba slabu badala ya ukuta, kwa skeli ya 1:20: upana milimita 230, kimo 450, nondo nne za milimita 16 chini, ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) za milimita 8 kila baada ya milimita 200. Hata jeki za kushikilia slabu wakati wa kuvunja zimeonyeshwa zikae wapi. Hiyo ndiyo karatasi niliyoipenda kuliko zote, maana mama analala chumba cha juu.

Mkipeleka ramani, hakikisheni mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa uko kwenye kila karatasi ya nondo na zege. Na nakala moja ikae saiti, fundi aione kila asubuhi.