Nyumbani wananiuliza kama taichi inaweza kupiga mtu

Kila nikiweka kwenye status video ya asubuhi nikifanya taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, ndugu na marafiki wa nyumbani wanauliza kitu kilekile, hivi hiyo taichi inasaidia kweli ukivamiwa au ni mazoezi ya wazee tu? Leo sina kipindi mpaka mchana, ngoja niandike kwa kirefu, maana niko Zhengzhou, mkoa wa Henan, China, na taichi yenyewe inasemekana imetokea hukuhuku, kijiji cha Chenjiagou wilaya ya Wen, ukoo wa Chen wanafundisha pale mpaka leo.

Kwanza watu wajue haikuanza kama mazoezi ya afya, yalikuwa mapigano. Chen Wangting anayetajwa kuwa mwanzilishi alikuwa mwanajeshi, karne ya 17 hiyo, alafu miaka ya 1800 akaja Yang Luchan, mtu wa nje ya ukoo kabisa, akajifunza palepale kijijini mpaka akaiva akaenda Beijing kufundisha walinzi wa kifalme, watu wakamwita Yang asiyeshindika. Huu upole mnaouona kwenye video umekuja baadaye, mjukuu wake Yang Chengfu ndio aliifanya ya taratibu ili kila mtu aiweze, kisha 1956 serikali ya China ikafupisha mtindo huohuo wa Yang ikabaki mikao 24. Ndio tunayofanya bustanini.

Sasa mi naona kosa ni kutenganisha, huku afya, kule kujihami. Chukua ule mkao wanauita mikono ya mawingu. Miguu umeipanua, magoti umeyakunja kidogo, uzito unauhamisha taratibu kutoka mguu huu kwenda ule, kiuno kinageuka na mikono inafuata kiuno, goti lisipite vidole vya mguu wala lisilalie ndani. Ukienda polepole hivyo mapaja yanawaka moto, huwezi kudanganya, kwasababu mwendo wa haraka unaficha pale unapoyumba ila wa taratibu unakuanika. Na ule mkono unaopita mbele ya uso haupo kwa ajili ya urembo, unapangusa ngumi inayokuja. Tendo ni lilelile, goti linapata nguvu na ngumi inapita pembeni.

Laoshi wetu, yaani mwalimu, ni mzee ameshavuka miaka 70, anakuja na viatu vyake vya kitambaa, chupa yake ya chai anaitundika kwenye tawi. Tukimaliza mikao anaita mmojammoja kwa ajili ya kusukumana mikono. Anaweka kifundo cha mkono wake juu ya changu, kinagusa tu hakibonyezi, ananiambia haya mtoto, sukuma. Nasukuma. Mkono wake haunikatalii, unarudi nyuma na wangu, kiuno kinageuka kidogo sana hata hukioni, na ile nguvu yangu yote inakosa pa kuegemea, naenda mbele hatua mbili tatu mwenyewe. Hajanisukuma! Kapokea, kageuza, kanielekeza, basi. Siku ya kwanza kuisikia hiyo mwilini ndio nikaacha kuwaza misuli.

Ila nisiwadanganye. Mwaka 2017 kule Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA, yale mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, alimwangusha Wei Lei aliyejitangaza bingwa wa taichi, sekunde chache tu mchezo umeisha, na China nzima ililijadili. Iliniuma lakini naona ilikuwa haki, mtu anayefanya mikao peke yake miaka nenda rudi bila kuguswa na mwenzie anayemkazia hawezi kupigana, hata angekuwa mtindo gani. Kwahiyo ukitafuta mwalimu na shida yako ni kujihami, muulize kama wanasukumana mikono, kama hawasukumani hapo utapata afya tu, ambayo nayo si haba.

Na hiyo afya si maneno ya bustanini. 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, kundi moja taichi, jingine mazoezi ya nguvu, jingine kujinyoosha, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, wa taichi wakasimama imara kuliko wote na wakaanguka mara chache kuliko wale wa kujinyoosha. Niliposoma hivyo nikamuwaza shangazi, yule aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hata kwenda dukani anaogopa. Mtu wa umri wake anayemtishia kila siku sio kibaka, ni sakafu yenye maji, na kujua kuupeleka uzito mguu wa pili kabla haujakuponyoka ndio kujihami kwake.

Daktari wake alisharuhusu mazoezi mepesi, kwahiyo siku hizi nampigia video, anashika mgongo wa kiti, anahamisha uzito kulia, kushoto, ananyanyua kisigino kimoja, binamu yangu kasimama nyuma yake. Juzi akaniambia we mtoto, hiyo ya kusukuma watu utanifundisha lini? Nikamwambia nikija likizo, Shangazi, tutaanza na hiyo.