Dizeli, Makaa na Gudi: Gharama za Kuishi katika Boti ya Mfereji

Tangu nirudi Mombasa, kila ninapokaa barazani Kibokoni baada ya Alasiri huulizwa swali lile lile: ile boti niliyokuwa nikiishi ndani yake Uingereza ilikuwa ikila mafuta kiasi gani? Wanaouliza ni watu wanaojua vyombo. Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa mashua kwa miaka mingi, anajua kwamba mashine ya farasi 40 ikifunguliwa yote yaweza kumaliza zaidi ya lita 15 kwa saa moja, kwa hiyo alidhani mshahara wangu wote ulikuwa ukiishia kwenye tangi.

Haikuwa hivyo. Boti za mifereji ile, yaani njia za maji zilizochimbwa ili vyombo vipite, ni za chuma, ndefu na nyembamba, upana wake mita 2 na kidogo tu ili zipite katika malango ya maji, na haziruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwa mwendo huo injini yangu ilitumia lita moja, au moja na nusu, kwa saa. Safari haikunila, kilichonila ni kukaa.

Januari jua la huko huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na paneli za sola hazifui dafu. Nililazimika kuwasha injini kwa muda wa karibu saa mbili kila siku, boti ikiwa imefungwa, ili betri zipate umeme wa taa na pampu ya maji. Juu ya hayo kulikuwa na jiko la makaa ya mawe, ambalo mfuko mmoja wa kilo 25 ulilitosha siku nne, na baridi ikizidi, siku tatu. Kila baada ya majuma kadhaa ilipita boti ya muuza mafuta ikiwa na dizeli, makaa na mitungi ya gesi ya kilo 13, nasi tulimngoja kama mitaa yetu inavyomngoja mwenye mkokoteni wa maji mabomba yakikauka. Dizeli yenyewe hutiwa rangi nyekundu, na mnunuzi hutamka ni sehemu gani ya kusafiria na ni ipi ya matumizi ya nyumbani, kwa kawaida 60 kwa 40, kwa kuwa ile ya kusafiria ndiyo yenye ushuru mkubwa zaidi.

Kosa moja lilinigharimu sana. Mwaka wa kwanza niliingia katika majira ya baridi tangi likiwa nusu, nikidhani nimeokoa fedha. Unyevu wa hewa iliyokuwa ndani ukageuka matone kwenye kuta za chuma, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, yakatulia chini. Asubuhi moja injini ilikohoa ikazima. Nilifungua chujio nikamimina kilichomo katika chupa ya kioo: chini maji meupe, juu dizeli nyekundu, na katikati utando mweusi wenye utelezi, ambao ni vijidudu vinavyoishi pale maji na mafuta yanapokutana. Kusafisha tangi kulizidi bei ya kulijaza.

Zipo pia bima, ukaguzi wa usalama wa kila miaka 4, na leseni ya mwaka ya Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji mingi ya England na Wales tangu 2012, ambayo hulipwa hata kama boti haikusogea.

Jambo lililomgusa Ami ni rangi ya lami inayopakwa chini ya boti kila baada ya miaka miwili au mitatu ili chuma kisiliwe na kutu. “Kumbe nao wana deheni yao,” alisema, akikusudia shahamu na chokaa tunayopaka vyombo vyetu vya mbao, akataka kujua tulikuwa tukingoja bamvua gani, yaani siku gani za maji kupwa sana. Nikamweleza kwamba mferejini maji hayapwi wala hayajai. Hakuna siku ambayo bahari itakulazia chombo mchangani bure, kwa hiyo ni lazima ulipie gudi, mahali pa kukaushia chombo, siku kwa siku, mpaka rangi ikauke.