Ziwa Lipi? Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Filamu ya Tamasha, Kigoma

Wiki ya kwanza: wazo, na kalenda ya mwezi

Kazi inayonilisha ni kupiga video za harusi, vipaimara na maulidi hapa Kigoma Mjini. Kwa miaka sita nimeona jambo lilelile katika kila ukumbi: MC akitania, wazee wanashika mbavu, kijana wa mtaani akipewa maiki achane mistari, vijana wanaacha sahani zao na kusogea mbele, lakini katika video ninayomkabidhi bwana harusi, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokatwa kwanza ili keki ipate nafasi. Mwaka huu nimeamua kutengeneza filamu moja isiyo na keki, filamu ya hali halisi ya tamasha la usiku mmoja ambamo wachanaji na wachekeshaji wanapokezana jukwaa moja, bila upande mmoja kuwa kipoza njaa cha mwingine.

Mchanganyiko wenyewe si mgeni. Professor Jay katika "Ndio Mzee" ya mwaka 2001 alivaa sauti ya mgombea anayeahidi mambo makubwa kuliko akili, na umati ukawa unaitikia kwa maneno mawili tu, nchi nzima ikacheka huku ikitikisa kichwa kwa mdundo. Kwa upande wa filamu, kielelezo changu ni ile ya mchekeshaji wa Marekani, Dave Chappelle, iliyoongozwa na Michel Gondry, ambayo tamasha lake lilifanyika katika mtaa wa Brooklyn, New York, tarehe 18 Septemba 2004, kundi la rap la Fugees likapanda jukwaani pamoja baada ya miaka mingi ya kutengana. Kilichonivuta si majina makubwa, bali ni namna sehemu kubwa ya filamu ilivyo nje ya jukwaa: mchekeshaji yuko kwao Ohio akiwaalika watu wa kawaida waende kwenye tamasha, na bendi ya chuo inapata mwaliko ikiruka kwa furaha. Mtazamaji anafika kwenye muziki akiwa tayari anawafahamu watu waliosimama mbele ya spika. Hilo ndilo ninalolitaka kwa Kibirizi.

Nimechagua ufukwe wa Kibirizi kwa sababu wavuvi, wachuuzi wa dagaa na abiria wa maboti ya kuelekea Gombe wote wanapita pale, lakini uchaguzi huo umenifanya nipange tarehe kwa mwezi badala ya kalenda ya ukutani. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Tamasha likiwekwa usiku wa giza, nusu ya hadhira yangu itakuwa katikati ya ziwa ikionekana kama nyota zilizoanguka majini, jambo zuri kwa picha na baya kwa kicheko. Tumeweka Jumamosi ya mwezi mpevu.

Wiki ya tatu: vibali na jua

Vibali nitavisimulia kwa ufupi kwa sababu havina utamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, kwa hiyo nilianza kwa afisa utamaduni, nikaenda kwa viongozi wa mtaa, kisha polisi kwa ajili ya mkusanyiko. Nilichelewa siku tisa kwa sababu mimi mwenyewe nilisahau kuambatisha muhtasari wa hadithi.

Jua limenisumbua zaidi. Ufukwe wetu unatazama magharibi, milima ya Kongo iko ng'ambo, na kwa kuwa tuko mbali sana upande wa magharibi huku tukitumia saa moja na Dar es Salaam, jua letu linazama kama dakika 40 baada ya lao. Nilikuwa nimepanga jukwaa lilipe ziwa mgongo ili kamera zipate maji nyuma ya msanii. Jioni ya majaribio, saa 12 na nusu, binamu yangu alisimama pale nikamwona kama kivuli cheusi chenye masikio. Tumeligeuza jukwaa likatazama kusini, jua likapiga mashavu ya wasanii kutoka ubavuni, na maji nikayabakiza kwenye kona ya fremu. Kwa ajili ya taa za jukwaani nimeweka kamera kwenye kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na nikikosea hapo picha inapepesa kama taa ya duka linalokaribia kufungwa.

Hesabu ya diski imenitoa jasho. Kamera ninayoipiga kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Kamera tatu kwa saa tatu ni 405, na nakala ya pili ni lazima, kwa hiyo nimeuza stendi yangu ya zamani nikanunua diski ya terabaiti moja.

Usiku wa tamasha

Niliandika haya saa 9 usiku, nguo zikinuka mafuta ya jenereta na dagaa.

Watu walijaa kuliko mikeka. Wachanaji walikuwa wanne, wachekeshaji wawili, na dada mmoja wa Ujiji anayeghani mashairi ya kujitungia, ambaye alinifanya nijilaumu kwa kumpa dakika tano tu. Jenereta tuliyoikodi ilizima mara moja, kwenye ubeti wa pili wa kijana wa Katonga, spika zikanyamaza na yeye hakunyamaza: aliendelea kuchana bila maiki, watu wakamshikia mdundo kwa makofi mpaka fundi alipomaliza kuvuta kamba. Kamera zangu hutumia betri, kwa hiyo picha ninayo yote.

Tukio la usiku, hata hivyo, lilikuwa la mchekeshaji wa pili. Alisimulia habari ya mtu wa Kigoma aliyepanda treni Dar es Salaam, akajaza tumbo Dodoma, akalala fofofo. Treni ilipofika Tabora mabehewa yakakatwa, ya Mwanza yakaelekea kaskazini na ya Kigoma magharibi, na yeye alikuwa ameketi kwenye behewa la rafiki aliyemkuta safarini. Asubuhi anapigiwa simu na mkewe, ambaye amekwisha kukaanga migebuka na kupika ugali. Mume anachungulia dirishani kwa furaha. "Mama watoto, weka maji ya kuoga, nimeshaliona ziwa." Mchekeshaji akanyamaza. Akaiweka simu ya kuigiza sikioni, akabadilisha sauti ikawa ya mke, taratibu kabisa: "Ziwa lipi?"

Nimepima kicheko kile kwenye rekodi: sekunde 11 kabla hajaweza kusema neno jingine. Mama mmoja muuza mawese alikaa chini.

Kisha likatokea lile ambalo sikuliandika kwenye mpango wowote. Mchanaji aliyefuata alipanda, biti ikaanza, na badala ya mistari aliyoizoea akafungua kwa mtindo huru: kila baada ya mistari miwili anasema ameliona ziwa, na ufukwe mzima unamjibu, "Ziwa lipi?" Alitaja Victoria, Rukwa, Nyasa, akichekesha kila mmoja kwa namna yake, na alipofika Tanganyika hakuhitaji kuuliza. Kichekesho kilikuwa kimegeuka kibwagizo mbele ya macho yangu, na kamera ya kuazima, ambayo hujizima yenyewe ikifikisha dakika 29 na sekunde 59, ilikuwa imejizima.

Wiki ya tano: sauti iliyokufa

Nilikuwa nimemwomba fundi mitambo anirekodie moja kwa moja kutoka kwenye mixa, mashine inayokusanya sauti za maiki na biti, akanifanyia kazi safi. Nyimbo zote zinasikika kama za studio. Nilipofikia vichekesho nikadhani faili limeharibika: mchekeshaji anazungumza, ananyamaza, anazungumza tena, na katikati hakuna kitu, mtupu kama darasa la likizo. Ndipo nikaelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua kwa miaka sita ya harusi. Maiki ya mkononi inasikia kinywa kilicho karibu nayo tu. Kwa mchanaji hiyo inatosha, maana biti nayo inapita kwenye mixa na wimbo unatoka ukiwa kamili. Kwa mchekeshaji, nusu ya onyesho iko kooni mwa wanaosikiliza, na koo hizo hazikuwa na maiki.

Kilichoniokoa ni kinasa sauti kidogo nilichokifunga kwenye pua ya mtumbwi uliovutwa mchangani, takriban mita 34 kutoka jukwaani, kwa nia ya kupata mawimbi. Mawimbi kilipata machache. Kilichojaa ni vicheko, makofi, mtoto akililia muhogo, na mashine ya boti lililochelewa. Kukioanisha na mixa kumenichukua jioni nne. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ya jukwaani ilifika mtumbwini ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo kwa kasi ya fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde ni fremu mbili na nusu. Nisipoisogeza, mchekeshaji anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Tena saa ya kinasa na saa ya kamera hazitembei sawasawa: nilipolinganisha mwanzoni vikakubaliana, baada ya saa moja vilikuwa vimepishana fremu nne. Nimeikata sauti ya mtumbwi vipande vipande na kuoanisha kila kichekesho peke yake.

Wiki ya saba: mkasi

Mistari ya rap nakata picha kwenye mdundo wa pili na wa nne, mkono unajua wenyewe. Nilijaribu mwendo huohuo kwenye kichekesho cha treni, nikaruka kwenda kwenye uso wa muuza mawese kabla tu ya "Ziwa lipi?", na nikakiua kichekesho kwa mkono wangu, kwa sababu mtazamaji alipokuwa bado anajiuliza huyu mama ni nani, neno lilikuwa limekwisha kupita. Sasa kipande hicho kina kamera moja, mwanzo hadi mwisho, na mama anakuja sekunde mbili ndani ya kicheko.

Maandishi ya chini nayo yana mtego wake. Mchekeshaji wa kwanza alianza kwa "Mwakeye!" na akabaki kwenye Kiha, lugha ya Waha wa huku kwetu, kwa dakika nzima, hivyo wasiokijua watahitaji Kiswahili chini ya picha. Nilipoweka sentensi nzima kwa mara moja, msomaji mwepesi alimaliza kucheka kabla mchekeshaji hajafika mwisho. Nimeigawa kila sentensi vipande viwili, na neno la kuchekesha linatokea peke yake, fremu ileile anapolitamka.

Kijana wa Katonga alichana juu ya biti ya msanii wa Marekani aliyoipakua kwenye intaneti. Kwa onyesho la ufukweni hakuna aliyeuliza, lakini filamu itakayozunguka inahitaji ruhusa ya mwenye biti, na mimi sina njia wala fedha ya kumfikia. Mtayarishaji mmoja wa Gungu alitutengenezea biti mpya ya mapigo 90 kwa dakika, sawa na ile ya mwanzo, kila baa (mapigo manne) ikichukua sekunde 2.67, ila biti ya zamani ilikuwa imevuja kutoka kwenye spika na kuingia kwenye maiki, na zikisikika pamoja ni kama ngoma mbili zinazogombana. Mwishowe nimetupa ubeti wa kwanza wote. Ninaanza pale jenereta inapozima: giza, sauti yake tupu, makofi ya watu. Nina hakika ndicho kipande bora cha filamu, na nisingekiona kama biti ingekuwa halali.

Wiki ya tisa: ukuta wa Kibirizi

Rasimu ya dakika 52 tumeionyesha kwenye ukuta wa stoo ya nyavu, mbalamwezi nyingine, kwa watu walewale. Nilikaa nyuma nikawatazama wao badala ya picha. Kwenye shairi la dada wa Ujiji walitulia, nikaandika: lirudishwe lote. Kwenye mtindo huru wa maziwa, niliokuwa nimeufupisha hadi mizunguko mitatu kwa sababu ya ile kamera iliyojizima, walikuwa bado wanaitikia picha ilipokwisha kuhama. Mzee mmoja mwenye mtumbwi (mtumbwi uleule) aliniita baadaye.

"Mwanangu, umetuwahisha. Tulikuwa hatujafika Tanganyika."

"Shikamoo mzee. Picha za pale ni chache, kamera ilizima."

"Marahaba. Sauti si unayo?"

Ninayo. Mizunguko yote iko kwenye mixa na kwenye mtumbwi. Kilichokosekana ni cha kutazama tu. Kwa hiyo sehemu hiyo nitaifunika kwa picha za reli: dirisha, nguzo zikipita, na mabehewa yakikatwa Tabora wakati ufukwe unaendelea kuitikia. Ijumaa ninapanda treni kwenda kuzipiga. Nimebeba betri nne na muhogo wa kuchoma, na stesheni nimeuliza mara mbili, mpaka mkata tiketi akacheka, behewa langu la kurudia ni lipi.