Paa la Chuno: kumbukumbu za mradi, na za roho juu

Juni, kipupwe kimeanza

Nyumba yetu iko Chuno, hapa Mtwara mjini, na upepo wa bahari unaifikia bila kuombwa. Mabati yamekula chumvi miaka mingi. Kutu haikuanza katikati ya bati, imeanzia kwenye matundu ya misumari na chini ya kofia, yaani bati linalofunika mgongo wa paa, pale mabati yanapolaliana na unyevu haukauki. Fundi alipanda, akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita.

"Dada, hapa hamna bati tena, kuna rangi ya bati."

Akashuka na orodha: mabati 60 ya futi 10, geji 28, kofia zake, papi mpya (mbao za kupigilia mabati) upande wote unaopigwa na upepo wa kusi, mbao mbili za kenchi, fremu inayobeba paa, zilizoliwa na mchwa, misumari, dawa ya mbao. Kwa asiyejua: geji namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nafuu, lakini kwa chumvi hii naona ni kununua kutu ya kesho.

Hela ipo. Ni mgao wa kikoba, faida kidogo ya cherehani na korosho za msimu uliopita, jumla milioni 5 na ushee. Mahesabu ya paa yanakuja milioni 3 na laki kadhaa. Mume kaafiki na sababu iko wazi. Na bado usiku nashtuka, nachukua simu chini ya mto, naingiza namba ya siri, naangalia salio. Liko vilevile. Nalala kidogo, naangalia tena. Sijui huwa nategemea nani awe amelichukua.

Bado Juni

Nimejiuliza hofu hii inatoka wapi, maana sikukulia kwenye njaa. Nadhani inatoka kwenye korosho. Mtu wa Kusini anaishi kwa mnada. Mwaka 2018 wanunuzi waligomea bei, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kubeba mzigo maghalani. Sisi tulikuwa na korosho ghalani na deni dukani kwa wakati mmoja. Tangu hapo hela iliyotulia naiona kama mgeni: itaondoka tu, swali ni saa ngapi.

Na miezi ya kuezeka ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho dawa. Mikorosho yetu iko Nanyamba. Ikianza kuchanua bila dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua na Oktoba huna cha kupeleka mnadani. Ukisubiri hela ya mnada ndipo uezeke, unakutana na mvua za Desemba, na mafundi wote wameshachukuliwa na waliouza mapema.

Mume wangu akasema, "Taja kiasi ambacho kikibaki utalala." Swali zuri kuliko "usiogope," ambalo nimeambiwa na kila mtu na halijawahi kunisaidia. Tulikaa na daftari: salfa na vibarua, chakula mpaka mnada wa kwanza, na mtu akiugua. Ikaja milioni 1 na nusu. Nimeihamishia kwenye akaunti ya benki ambayo sijaiunganisha na simu. Kuitoa lazima nivae, nipange foleni, nione aibu kidogo.

Usiku ule simu niliiangalia mara moja tu.

Julai

Nimenunua mabati. Kuna watu wanatunza hela benki, kuna wanaotunza ng'ombe. Mimi nimegundua nikiona mabati yamepangwa ukumbini nimefunikia turubai, moyo unatulia kuliko nikiona tarakimu. Bati halikopwi na shemeji.

Simenti ya kuzibia juu ya kuta sijanunua makusudi. Kiwanda cha Dangote kiko mkoani hapa hapa, haitakosekana dukani, na mfuko ukikaa chumbani na unyevu huu unaganda mawe. Nitachukua siku moja kabla.

Kwenye daftari nimechora safu mbili. Ya kwanza "iliyotoka". Ya pili "imekuwa nini". Mwanzo nilikuwa naandika ya kwanza peke yake, na kila jioni ilikuwa kama kusoma orodha ya marehemu. Sasa kila shilingi ina jina la pili: papi, kofia, misumari ya kilo.

Agosti

Tumeezua. Kutu imemwagika kila mahali, nimetoa unga mwekundu hata ndani ya droo ya cherehani. Mabati yenye nafuu yamekwenda kuezeka jiko la nje, mengine kayachukua mtu wa chuma chakavu.

Kumlipa fundi ndiko kulikonitoa jasho. Bati unalishika, lakini ufundi unalipa kisha mtu anashuka ngazi anakwenda kwake. Alitaka nusu mwanzoni. Tukaelewana mara tatu: papi zikikamilika, upande wa kusi ukifungwa, kofia zikikaa. Kwenye safu ya pili nikaandika hivyo hivyo, "upande wa kusi umefungwa," na nikatoka nje kuutazama kabla ya kusaini. Upande huo nilitaka misumari iongezwe. Aprili 2019 tulipotangaziwa kimbunga Kenneth, kilikwenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, lakini usiku ule nililala nikisikiliza kila bati.

Mchana mmoja nyumba ilikuwa wazi kabisa, jua linaingia chumbani hadi kitandani. Roho ilipanda tena, nikashika simu. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, njoo tuchambue mchicha." Nikaenda. Simwiti daktari, lakini ilisaidia.

Septemba

Paa limekwisha. Zimetumika pungufu kidogo ya milioni 3 na nusu. Milioni 1 na nusu iko ilipowekwa, na salfa ilipulizwa kwa wakati.

Sasa kila anayeingia ana ushauri. Shemeji anataka dari ya jipsamu, jirani anasema kuta zinadai rangi, fundi mwenyewe amenitajia tanki. Yote kweli, na yote hapana kwa sasa. Dari nimeuliza bei, nimeiandika nyuma ya daftari na mwaka wake: ujao, baada ya mnada.

Nilichokubali ni mfereji wa maji ya mvua upande wa uani, mita 10, maana maji yakidondoka pale yanachimba msingi. Hela yake itatoka kwenye sare za shule ninazoshona, si kwenye akiba. Oda huanza Novemba na mvua huja Desemba, kwa hiyo fundi nimemwambia aje wiki ya mwisho ya Novemba, na asije na mpwa wake yule anayekanyaga mabati katikati.